Usilisingizie Jua

Nikiandika ssh -X mbele ya kijana aliyehitimu karibuni, mara nyingi hunitazama kwa huruma. Ameshafundishwa kwamba kuendesha programu kwenye kompyuta moja ya Unix na kulifungua dirisha lake kwenye skrini ya kompyuta nyingine ni desturi ya miaka ya 1980 iliyopitwa na wakati. Ameambiwa kwamba X, mfumo uliotupa uwezo huo, ulishindwa mtandaoni. Kwamba hakuna anayeutumia hivyo tena. Kwamba anayetaka kufanya kazi kwa mbali aivute skrini nzima kama picha, au ahamie kwenye kivinjari. Maneno haya yamerudiwa hata hayadaiwi ushahidi tena. Mimi naudai, na ule nilio nao mkononi unasema kinyume.

Tuanze na kitu chenyewe, maana wengi wanaokikataa hawajapata kukiona kikifanya kazi. Katika X, kazi imegawanywa pande mbili. Upande mmoja ipo programu: inapiga hesabu, inasoma faili, inaamua nini kionekane. Upande wa pili ipo seva ya X, nayo hukaa pale alipo mtu, kwa kuwa ndiyo inayoshika skrini, kibodi na kipanya. Wengi hukwama hapa, maana wamezoea kuiita seva ile mashine kubwa iliyofungiwa chumbani. Lakini jina lina haki yake. Skrini ni moja na wanaoitaka ni wengi. Anayeigawa ndiye anayehudumia. Ni kama baraza ya nyumba: mwenyeji humpa kila mgeni nafasi ya kukaa, awe ametoka mtaa wa pili au ng'ambo ya maji. Programu ndiyo mgeni. Inasoma katika mpangilio uitwao DISPLAY jina la mwenyeji wake, inabisha hodi, ikikaribishwa inaketi. Kati ya wawili hao pana mkondo wa baiti, basi. Mkondo huo ukipita ndani ya mashine moja, au ukivuka waya kwa TCP kupitia poti namba 6000, au ukifungwa ndani ya ssh, programu haihitaji kuandikwa upya hata mstari mmoja.

Kwangu hii si nadharia. Nimetunza seva za Linux kwa miaka, nyingi zisizo na skrini wala mahali pa kuichomeka. Ninapotaka kuona mchoro wa gnuplot uliotengenezwa huko, sinakili faili wala sifungui dawati la pili ndani ya dawati langu. Naandika amri, dirisha linatokea kando ya madirisha yangu mengine. Nanakili maandishi kutoka humo na kuyabandika kwenye barua ninayoiandika. Nikimaliza nalifunga. Sijaona namna nyingine inayomwachia mtu kazi yake bila kumvuruga kiasi hicho.

Sasa hoja ya kwanza ya wapinzani: X ni nzito mtandaoni. Ili kuipima lazima turudi nyuma kidogo. Tarehe 19 Juni 1984, Bob Scheifler wa MIT aliwatangazia wenzake mfumo mpya wa madirisha alioupa jina la X. Sehemu ya msimbo aliichukua kutoka W, mfumo uliozaliwa Stanford, na badiliko kubwa alilolifanya linapaswa kujulikana na kila anayedai kwamba X haikuujua mtandao: aliondoa kungoja. Katika W programu ilituma ombi, ikasubiri, ndipo ikaendelea. Katika X programu inatuma maombi mfululizo, moja nyuma ya jingine, na mengi kati ya hayo hayahitaji jibu lolote. Aliyafanya haya akiwa na Jim Gettys ndani ya mradi wa Athena, ambao MIT iliuanza mwaka 1983 kwa mashine za DEC na za IBM. Mashine za makampuni mawili, zisizofanana ndani, na mwanafunzi aliyetakiwa aweze kukaa popote akafanya kazi yake. Mtandao ndio uliokuwa sababu ya X kuwepo. Toleo la 11 lilitoka Septemba 1987, na hilo ndilo tunalolitumia hadi leo.

Tazama ukubwa wa maombi yenyewe. Kuchora kipande kimoja cha mstari ulionyooka ni baiti 20. Taarifa ya kwamba kitufe cha kibodi kimebonyezwa ni baiti 32. Picha nzima ya skrini ya pikseli 1920 kwa 1080, kila pikseli ikichukua baiti 4, ni baiti 8,294,400 kabla ya kukandamizwa. Kwa hiyo anayesema itifaki hii ni nzito kuliko kutuma picha, kwanza atuambie anazungumzia programu ipi na inachora kwa njia gani, kwa sababu jibu liko huko.

Na huko ndiko kungoja kulikorudishwa. Yapo maombi machache yanayohitaji jibu, kama vile kuuliza namba ya jina fulani ambalo seva inalitunza. Maktaba ya zamani, Xlib, iliyaandika maombi hayo kwa namna inayoisimamisha programu mpaka jibu lifike. Mwandishi wa programu hakuona ubaya, kwa kuwa mezani kwake jibu lilikuja papo hapo. Chukua programu inayouliza maswali 200 kabla ya kufungua dirisha lake, moja baada ya jingine. Katika mtandao wa ofisini, ambako kwenda na kurudi ni nusu ya milisekunde, maswali yote yanakwisha kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Njia ikiwa ndefu, ya milisekunde 150, ni sekunde 30. Kwa setilaiti ya milisekunde 600, ni dakika 2 kamili mtu amekodolea macho skrini tupu. Data iliyopita ni ile ile. Hakuna waya wowote duniani, hata uwe mpana namna gani, utakaoziondoa sekunde hizo 30. Zinaondolewa na mwandishi wa programu pekee, kwa kutuma maswali yote 200 kwa pamoja kisha kuyapokea majibu yanapofika: safari moja badala ya 200. Itifaki inaruhusu hivyo, na maktaba ya XCB iliandikwa ili iwe rahisi.

Keith Packard na Jim Gettys walilipima jambo hili na kulichapisha mwaka 2003 katika mkutano wa USENIX. Waliona kwamba kinachoumiza hasa ni safari za kwenda na kurudi, wala si wingi wa data, na kwamba LBX, nyongeza iliyobuniwa kwa ajili ya njia nyembamba, haikuzidi sana faida ambayo mtu angeipata kwa kukandamiza data ndani ya ssh. Kampuni ya NoMachine nayo ilionyesha kwa vitendo, kwa kuweka wakala wa kuzipunguza safari hizo katikati, kwamba programu zile zile zinaweza kutumika kwenye njia mbovu. X2Go imejengwa juu ya kazi hiyo. Ugonjwa ulijulikana, dawa ikajulikana. Kilichokosekana ni watu wa kuimeza.

Badala yake maktaba za kuchorea vitufe na menyu zilikwenda upande mwingine. Qt ilipofika toleo la 5, mwishoni mwa 2012, uchoraji ulikuwa umehamia ndani ya programu yenyewe: inachora kila kitu kwenye kumbukumbu yake, kisha inaikabidhi seva picha iliyokamilika. GTK nayo ilifuata mkondo huo. Ndani ya mashine moja ni uamuzi wa maana, kwani programu na seva zinashirikiana kumbukumbu na hakuna kinachosafiri. Herufi zinapendeza, kazi inarahisika. Silibishii hilo. Lakini programu ya namna hiyo ikitumwa mtandaoni, zile baiti 20 za mstari hugeuka maelfu ya pikseli. Ndipo mtu anapofungua dirisha la aina hii kutoka mbali, analiona linasuasua, anatangaza kwamba X imeshindwa. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. X ilitumwa kubeba mizigo ambayo haikufungashwa kwa ajili ya safari, kisha ikalaumiwa kwa uzito wake.

Mwaka 2013, katika mkutano wa linux.conf.au, Daniel Stone alitoa hotuba iliyosambaa sana. Yeye ni miongoni mwa walioitunza X kwa miaka mingi, na alieleza kwamba X ya leo haiko tena sawa ndani ya mashine na nje yake, kwa kuwa njia za mkato za kushirikiana kumbukumbu na kadi ya michoro hazivuki waya. Kama maelezo ya hali ilivyo, alikuwa sahihi. Wala sina ugomvi na Kristian Høgsberg aliyeanzisha Wayland, itifaki ya kuirithi X, mwaka 2008. Ulikuwa wakati wa kuanza upya mambo mengi. Ugomvi wangu ni na hitimisho ambalo wasikilizaji walilibeba nyumbani. Kutoka "programu za leo haziutumii mtandao vizuri" wakaruka hadi "mtandao hauna haja." Kati ya sentensi hizo mbili pana mto ambao hakuna aliyejenga daraja la kuuvuka. Waandishi wa Wayland wenyewe walisema tu kwamba jambo hilo liko nje ya itifaki yao, wakaliachia wengine. Kusema "hili si letu" ni tofauti kabisa na kusema "hili halina maana."

Wengine wakalichukua. Mwaka 2019, kupitia mpango wa majira ya kiangazi wa Google kwa wanafunzi, iliandikwa waypipe. Programu ya Wayland huendeshwa kwenye mashine ya mbali, waypipe inasimama katikati, inatazama sehemu gani ya picha imebadilika, inaikandamiza na kuituma ndani ya ssh. Dirisha moja, bila dawati lake, linafika kwenye skrini ya mtu. Kwa miaka mingi tuliambiwa kwamba kwa muundo wa Wayland jambo hilo haliwezekani au halifai, na mwanafunzi mmoja akatuonyesha kazi yenyewe. Sasa nataka kusikia hoja mpya, kwa sababu ile ya zamani imekwisha.

Hoja ya pili, ambayo ndiyo inayonikera zaidi: hakuna mtu anayetaka dirisha moja la mbali, watu wanataka dawati zima. Ingekuwa kweli, Microsoft isingeliweka RemoteApp ndani ya Windows Server 2008, ambayo kazi yake ni hiyo hiyo: programu iko kwenye seva, dirisha lake peke yake liko kwa mtumiaji. Wala mwaka 2021 isingelitoa WSLg, ambamo programu za Linux zinazoendeshwa ndani ya Windows zinatoa madirisha yanayokaa kando ya madirisha ya Windows, kila moja kivyake, yakipita kwenye itifaki ya RDP. Kampuni ambayo haikuzaliwa na desturi ya Unix imetumia fedha na wahandisi kujenga kitu ambacho watu wa Unix wanaambiana kwamba hakihitajiki. Na nenda katika vituo vya hesabu nzito vya vyuo vikuu, au kwa wanaastronomia wanaofungua picha za anga kwa SAOImage DS9 iliyo kwenye mashine ya mbali yenye data yao. Data ni kubwa, haihamishiki; mtu yuko kwingine. Dirisha ndilo linalosafiri, kwa kuwa ndilo jepesi kuliko vyote.

VNC, ile njia ya kuivuta skrini nzima kama picha, iliyotoka katika maabara ya Cambridge nchini Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1990, ina mahali pake na ninaitumia. Kwa kumsaidia mtu aliyekwama ili wote muone skrini moja, ni bora. Kwa michoro mizito ya pande tatu, kutuma picha iliyokwisha kuchorwa na kadi ya mashine ya mbali ni busara, nayo VirtualGL hufanya hivyo hivyo huku dirisha likibaki dirisha. Filamu usiipitishe kwenye X kabisa. Lakini dawati ndani ya dawati linamgeuza mtu kuwa mkazi wa nyumba mbili. Anakuwa na pau mbili za kazi, njia mbili za kubadili madirisha, mahali pawili pa kunakili na kubandika, na anabonyeza kitufe asijue nyumba ipi itakisikia. Mtu aliyehitaji dirisha moja apewe moja.

Hoja nzito kuliko zote ni ya tatu, nami sitaipunguza: mtandao ukikatika, programu ya X inakufa pamoja na kazi isiyohifadhiwa. Nimepoteza hivyo saa tatu za kazi, umeme ulipokatika upande wangu na kisambaza mtandao kikazimika. Inauma. Lakini tuulize nani anaiua programu. Mkondo ukikatika, programu inaona tu kwamba mwenyeji ametoweka. Kinachofuata ni uamuzi wa maktaba. Kihariri cha Emacs ni shahidi mzuri. Kwa miaka mingi imeweza kufungua madirisha kwenye skrini za kompyuta kadhaa kwa wakati mmoja, na ikijengwa kwa maktaba ya Lucid, skrini moja ikikatika inaendelea na zilizobaki. Ikijengwa kwa GTK inaweza kuanguka, na onyo la jambo hilo limewekwa ndani ya utaratibu wa kuijenga Emacs, kwa sababu hitilafu iko kwenye GTK na ilikaa miaka na miaka bila kutibiwa. Programu ile ile, itifaki ile ile, maktaba mbili. Moja inaishi, nyingine inakufa. Anayetaka zaidi ya hapo anayo Xpra: programu inabaki hai kwenye mashine ya mbali, mtu anaondoka na dirisha lake linamngoja mpaka arudi, hata kutoka kompyuta nyingine.

Usalama nitaupitia kwa haraka, kwa kuwa hapo wapinzani wanapigana na adui aliyekwisha ondoka. Ndiyo, kulikuwa na enzi ya kuandika xhost + na kuiachia dunia nzima mlango wazi. Ikaja njia ya kumdai mgeni neno la siri. Mwaka 1995 Tatu Ylönen wa Helsinki akaandika SSH, na madirisha yakapata njia iliyofichwa. Tangu toleo la 1.17 la mwaka 2015, seva ya X.Org haisikilizi TCP mpaka iambiwe, nami nimefurahi. Doa lililobaki ni kwamba mgeni aliyekwisha karibishwa kwa imani kamili anaweza kusikiliza wanachoandika wageni wengine kwenye kibodi. Ni doa la kweli, lipo hata pasipo mtandao, na Wayland imelifuta. Ni sifa kwa Wayland. Si sababu ya kulinyima dirisha safari, kwani waypipe inasafiri bila doa hilo.

Nimebakiza jambo ambalo linanifanya niandike haya kwa moyo wote. Mwaka 1999 Jim McQuillan alianzisha mradi wa LTSP. Kompyuta kuukuu, hata isiyo na diski, iliwaka kupitia mtandao, ikawa seva ya X tu, na programu zote zikaendeshwa kwenye mashine moja yenye nguvu iliyokuwa chumba kile kile. Afrika Kusini, wakfu wa Shuttleworth ulijenga vyumba vya kompyuta mashuleni kwa njia hiyo, vikaitwa tuXlabs. Namibia, SchoolNet nayo iliifuata. Mashine zilizohesabiwa kuwa taka kwingine zikafundishia watoto, kwa sababu wahandisi wa miaka ya 1980 walikataa kulifungia dirisha ndani ya kompyuta inayolichora. Anayesema uwezo huu haukumfaa mtu yeyote aliyekuwa nje ya maabara tajiri za Marekani, aende akawahesabu watoto hao.

Kwetu Afrika Mashariki, hadi nyaya za baharini zilipofika, SEACOM ikiwa ya kwanza kuanza kutoa huduma Mombasa na Dar es Salaam mwezi Julai 2009, sehemu kubwa ya mawasiliano yetu na nje ilipita kwenye setilaiti iliyoko kilomita takriban 36,000 juu. Sisi tunajua kungoja ni nini. Kwa hiyo programu inayouliza maswali 200 moja moja tunaielewa kwa namna ambayo aliyeiandika akiwa hatua chache kutoka kwenye seva yake hataielewa. Na mtandao wa ndani ya jengo moja, hapa kwetu, daima umekuwa mwepesi kuliko ule wa kutoka nje, tena wa bure. Ndani ya jengo ndiko X inakong'ara. Kutuambia tuiache ili kila kazi ipitie kivinjari ni kututoa kwenye njia nzuri tuliyo nayo na kutupeleka kwenye ile tunayoilipia kwa kila gigabaiti.

Na kivinjari, ukikitazama vizuri, kinafanya nini? Programu iko mbali, maonyesho yako karibu. Ni wazo lile lile la 1984. Tofauti ni nani mwenye upande wa pili. Katika X ncha zote mbili ni zangu: mashine inayokokotoa naijua, na skrini ni yangu. Ofisi moja niliyoifanyia kazi ilibadilisha chombo cha kutazamia hali ya seva zake, kutoka programu ndogo tuliyoiendesha wenyewe kwenda huduma ya kivinjari ya kampuni ya nje. Siku malipo yalipochelewa, tulizuiwa kuona michoro ya diski zetu wenyewe, zilizokuwa zinazunguka chumba cha pili, mita chache kutoka tulipokaa. Nilifungua terminali, nikaandika ssh -X, nikaiita programu ile ya zamani. Dirisha likaja.

Wanaoandika programu na maktaba leo ninawadai jambo moja linaloweza kufanyika kabla ya jua kuzama. Wachukue kompyuta mbili. Kwa amri ya tc, ambayo karibu kila Linux inayo, waongeze milisekunde 150 kwenye kadi ya mtandao ya mojawapo. Waiendeshe programu yao huko, dirisha lifunguke huku, kwa ssh -X au kwa waypipe. Wahesabu sekunde mpaka litokee, kisha wautazame mkondo wa pakiti na kuhesabu ni mara ngapi programu yao ilisimama kungoja jibu ambalo haikulihitaji bado.